Asilimia 0.3 ya Geita: nani ana ruhusa ya kugombana na mgodi?

Septemba 2017 madiwani wa Geita walifunga barabara zinazokwenda kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu wa mkoa huo, ule ambao Kanda ya Ziwa yote inauita GGM. Walidai zaidi ya dola milioni 12 za Marekani, ambazo kwa hesabu zao zilikuwa malimbikizo ya ushuru wa huduma wa miaka mingi. Polisi wakaingia, barabara zikafunguliwa, na baadhi ya madiwani wakakamatwa.

Huku Mwanza wengi tuliichukulia kama habari ya siku mbili. Mimi naona ni kisa cha kukaa nacho. Ndani yake mna jibu la swali linaloulizwa kila mara kuhusu nchi zinazoendelea zenye mafuta: kwa nini nchi ikipata utajiri mkubwa wa chini ya ardhi, rais wake huzidi kupata nguvu na diwani wake huzidi kuzikosa? Geita haina mafuta, ina dhahabu. Lakini fedha ya dhahabu ya mgodi mkubwa inaingia serikalini kwa njia ileile inayopita fedha ya mafuta: kampuni moja, mkataba mmoja, mlango mmoja. Anayeshika ufunguo wa mlango huo anaishika siasa yote.

Kuna mambo mawili ya kuyaweka sawa kabla ya kuendelea. Baraza lile la madiwani halikuwa la upinzani. Geita ni ngome ya CCM, chama tawala, na waliosimama barabarani walikuwa watu wa ndani ya mfumo, wanaojua ngazi zote za kupeleka malalamiko. Jambo la pili ni mwaka wenyewe. 2017 ndio mwaka wa makinikia. Mwezi Machi serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi, makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, zikaundwa kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, na Rais John Magufuli akaitangazia nchi kwamba tumeibiwa mno. Julai kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikapelekewa madai ya kodi, faini na riba ya dola bilioni 190. Mwenyekiti wa Barrick, kampuni mama, alikuwa ameshatua Ikulu mwezi Juni kuzungumza. Nchi ilikuwa nyuma ya Rais. Kwenye daladala za Mwanza hapakuwa na mazungumzo mengine.

GGM haikuwamo kwenye sakata hilo. Inamilikiwa na kampuni nyingine, AngloGold Ashanti, na yenyewe huyeyusha dhahabu yake mgodini na kusafirisha matofali, haina makinikia. Lakini dai la madiwani wa Geita lilikuwa na sura ileile ya dai la Rais: mwekezaji huyu hajatulipa tunachostahili. Aliyelisema Ikulu alishangiliwa. Waliolisema Geita walikamatwa. Najua kufunga barabara ni kosa na kuunda kamati si kosa, na sitetei kufunga barabara. Ninachouliza ni kwa nini kiongozi mmoja alikuwa na kamati, maprofesa, bandari na mamlaka ya kodi, na kiongozi mwingine, mwenye dai linalofanana, silaha pekee aliyoiona mkononi mwake ilikuwa ni kujilaza njiani.

Dola laki mbili, bei iwe yoyote

Dhahabu ya Geita si ngeni. Mkoloni alikuwa na mgodi pale tangu miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Baadaye wakaja wachimbaji wadogo na moko zao, karai na zebaki, na kampuni za utafiti zikifuata nyayo zao. Sheria ya Madini ya 1998 ndiyo iliyofungua pazia: mrabaha (malipo ya serikali kutokana na mauzo ya madini) wa asilimia 3, misamaha mingi ya kodi, na mikataba ya uendelezaji migodi ambayo serikali kuu ilisaini na kila kampuni kubwa. Mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, enzi za Rais Benjamin Mkapa, ukiwa ubia wa Ashanti ya Ghana na AngloGold ya Afrika Kusini, ambazo ziliungana 2004. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilipata mkoa wake 2012.

Sasa kuna sheria nyingine, ya zamani zaidi: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Hiyo iliipa halmashauri haki ya kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni inayofanya biashara kwenye eneo lake. Ni asilimia ndogo sana. Lakini ina sifa moja kubwa: inafuata mauzo. Mgodi ukiuza zaidi, halmashauri inapata zaidi. Bei ikipanda London, Geita inapanda nayo.

Mikataba ile iliikata sifa hiyo. Iliweka kikomo: mgodi ungelipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, basi. Kiwango kilisainiwa na serikali kuu kwa niaba ya halmashauri, kwenye mkataba ambao diwani hakuruhusiwa kuuona. Mbunge naye hakuruhusiwa.

Tazama kilichofuata. Mwaka 2000 wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 280 hivi. Septemba 2011 ilivuka dola 1,900. Bei iliongezeka zaidi ya mara sita na halmashauri ikabaki na laki mbili yake ileile. Watu wakizungumzia hasara ya mkataba ule wanataja fedha, na ni kweli, fedha zilipotea. Mimi naona hasara iliyo kubwa zaidi ilikuwa upande wa siasa. Diwani wa mwaka 2003 hakuwa na sababu yoyote ya kikazi ya kujua mgodi umezalisha wakia ngapi, umeuza wapi, kwa bei gani. Mweka hazina wa halmashauri hakuwa na haja ya kujifunza kusoma taarifa ya mauzo ya mgodi. Kamati ya fedha haikuwa na cha kuhoji. Kiasi kilijulikana kabla mwaka haujaanza, kingekuja au kisingekuja, na hakuna swali ambalo lingekiongeza hata senti moja.

Mtu akinyimwa sababu ya kuhoji, anajifunza kuomba. Hiyo ndiyo siasa iliyokua kuzunguka mgodi: siasa ya barua. Kata inahitaji madawati, inaandika barua. Shule inahitaji mabati, barua. Timu ya kata inahitaji jezi na mpira, barua. Mgodi ulijibu barua nyingi, na sitaki kuudharau mchango huo: Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ni shule nzuri iliyojengwa kwa msaada wa mgodi, na mabinti wanasoma pale. Lakini angalia kibao kinachobandikwa ukutani jengo likikamilika. Kimeandikwa nani amefadhili. Mzazi anayesoma kibao kile hajifunzi kwamba dhahabu ya ardhi yake imelipa ushuru na ushuru umejenga darasa. Anajifunza kwamba amesaidiwa. Uchaguzi ukija, anamtafuta mgombea atakayejua kuandika barua vizuri zaidi.

Na kulikuwa na magwangala. Asiyeijua Geita nimweleze: mgodi ukichukua mbale yenye dhahabu ya kutosha, yanabaki mawe ya kifusi yenye chembe kidogo tu. Kwa kampuni hayalipi. Kwa mama mwenye nyundo na karai yanalipa chakula cha jioni. Kwa miaka mingi kilio cha vijana na akina mama wa Geita kilikuwa kupewa magwangala, na kuanzia kampeni za 2015 likawa jambo la majukwaani kabisa. Watu waliocheka ahadi ile hawakuelewa. Katika mgodi mzima, kifusi ndicho kitu pekee ambacho mwananchi wa kawaida angeweza kukishika kwa mkono wake. Mrabaha unakwenda Hazina, kodi ya mapato TRA, faida kwa wenye hisa. Kilichobaki kwa siasa za Geita kupigania ni mawe yaliyokwisha kuchujwa.

Walikopita wenye mafuta

Nchi za mafuta zimepita njia hii kwa ukali zaidi, na maelezo ya msingi ni mepesi. Serikali inayoishi kwa kodi za wananchi wake lazima iwasikilize, walau kidogo, maana wakigoma inakufa njaa. Serikali inayoishi kwa hundi ya kampuni ya mafuta haiwahitaji hivyo. Inaweza kuwapunguzia kodi, ikawagawia ajira na ruzuku wanaoitii, ikawanunulia askari silaha za kuwashughulikia wasioitii, na yote hayo bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni Chad, kwa sababu pale walijaribu kuzuia ugonjwa kabla haujaingia. Benki ya Dunia ilikubali kusaidia bomba la kilomita 1,070 kutoka Doba hadi Kribi, pwani ya Cameroon, kwa sharti la sheria. Ikatungwa mwaka 1999: asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja iwekwe akiba kwa vizazi vijavyo, sehemu kubwa ya kinachobaki iende elimu, afya, barabara na kilimo, na asilimia 5 irudi kwenye eneo linalozalisha. Mafuta yalianza kutoka 2003. Mwaka 2005 Rais Idriss Déby alifuta ukomo wa mihula kwa kura ya maoni. Mwanzoni mwa 2006 sheria ile ikabadilishwa, mfuko wa vizazi vijavyo ukafutwa na usalama ukaingizwa kwenye orodha ya vipaumbele. Benki ya Dunia ilipolalamika, Chad ikalipa deni lake kabla ya wakati, na Septemba 2008 Benki ikaondoka. Sheria ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ndani ya Chad hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuilinda. Mlinzi wake alikuwa mkopeshaji wa nje, na fedha ya mafuta ilipotosha kumlipa, mlinzi akaenda zake.

Jirani zetu wa Uganda hawakungoja hata pipa la kwanza liuzwe. Mafuta ya Ziwa Albert yalitangazwa 2006. Mwaka 2011 serikali ilichota dola milioni 740 kwenye akiba ya nchi kununua ndege za kivita, kwa matumaini ya fedha zitakazokuja. Januari 2017 ikajulikana kwamba maofisa 42 waligawana shilingi bilioni 6 za Uganda, zawadi kutoka juu kwa kushinda kesi ya kodi dhidi ya kampuni moja ya mafuta. Wale 42 walikuwa waajiriwa waliofanya kazi yao. Lakini fedha ya mafuta ilishakuwa kitu ambacho mkubwa anatoa kama shukrani.

Nigeria inatufundisha jambo la tofauti, na hili ni muhimu kwa wanaodhani fomula pekee inatosha. Wakati wa uhuru, majimbo yalirudishiwa nusu ya mrabaha wa madini yaliyochimbwa kwao. Baada ya vita vya Biafra, jeshi likaendelea kupunguza mpaka ikabaki asilimia moja na nusu kwenye miaka ya 1980. Watu wa Delta ya Niger, kunakotoka mafuta, wakainuka, na Novemba 1995 mwandishi Ken Saro-Wiwa, mtetezi wao, na wenzake wanane wakanyongwa. Katiba ya 1999 ikarudisha isiyopungua asilimia 13. Fedha zikaanza kwenda Delta kwa wingi, na magavana wa Delta wakawa wakubwa wapya, kila mmoja na mlango wake. Mvuvi ambaye mto wake umejaa mafuta hakuuona mgawo ule.

Buzwagi, na jinsi swali lilivyohama

Rudi kwetu. Siri ya mikataba ilipasuka 2007. Mkataba wa Buzwagi, huko Kahama, ulisainiwa London mwezi Februari na waziri wa wakati huo, Nazir Karamagi. Zitto Kabwe, mbunge wa Chadema, chama cha upinzani, alipouhoji bungeni akasimamishwa mwezi Agosti. Adhabu ile ilimtangaza kuliko hotuba yoyote, na Chadema wakazunguka nchi na suala la madini. Novemba Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, Zitto akiwamo, na kazi yake ndiyo iliyozaa Sheria ya Madini ya 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Uchaguzi wa mwaka huohuo Chadema ikachukua Nyamagana na Ilemela, majimbo yote mawili ya jiji la Mwanza. Sisemi ni dhahabu peke yake iliyofanya hivyo. Nasema hapa Kanda ya Ziwa swali la "dhahabu yetu inakwenda wapi" lilikuwa kwenye kila mkutano.

Shinikizo hilo ndilo lililofikisha mambo 2014, migodi mikubwa ilipokubali kuachana na kikomo cha dola laki mbili na kulipa asilimia 0.3 ya mauzo. Piga hesabu ya karibu uone uzito wake. Mwaka 2020 GGM ilizalisha zaidi ya wakia 600,000. Kwa bei ya dola 1,700, ambayo ni chini ya wastani wa mwaka ule, hiyo ni zaidi ya dola bilioni moja, na asilimia 0.3 yake ni zaidi ya dola milioni 3. Mara kumi na tano ya laki mbili, na zaidi.

Ndipo madiwani wakageuka nyuma na kuuliza: kama sheria ya 1982 ilikuwapo siku zote, ile tofauti ya miaka iliyopita iko wapi? Hilo ndilo dai lao la 2017. Kisheria mgodi ulikuwa na jibu, kwa kuwa ulilipa kilichoandikwa kwenye mkataba uliosainiwa na serikali. Na hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Kama kuna aliyeinyima Geita fedha zake, sahihi yake ni ya serikali kuu pia. Madiwani wa chama tawala wasingeweza kwenda kufunga barabara ya kwenda Hazina. Wakafunga ya mgodi.

Mwaka uleule, juu, serikali kuu iliandika sheria upya: mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, hisa asilimia 16 za serikali katika kila mgodi mkubwa, na Bunge kupewa uwezo wa kupitia mikataba ya rasilimali. Nayaunga mkono karibu yote. Januari 2020 yakasainiwa makubaliano na Barrick, ikaundwa kampuni ya Twiga, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Mazungumzo yaliongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi kwa upande wetu. Nchi ilipata zaidi ya ilivyokuwa ikipata. Lakini angalia fedha mpya zinaingilia wapi. Kwenye dola bilioni moja ya mauzo, mrabaha ni dola milioni 60 na unakwenda Hazina wote. Ushuru wa huduma ni milioni 3. Ishirini kwa moja. Hatuna sheria inayorudisha hata sehemu ya mrabaha kwenye wilaya ulikotoka. Uganda wameandika asilimia 6 ya mrabaha kwa halmashauri za maeneo ya mafuta kwenye sheria yao ya fedha ya 2015. Sisi hatujaandika kitu.

Kilichowekwa chini ni CSR. Tangu marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa Geita mpango huo umekuwa wa shilingi bilioni 9 na ushei kwa mwaka. Hii ni hatua kubwa kuliko siasa ya barua, kwa kuwa sasa halmashauri inakaa mezani kwa mujibu wa sheria. Lakini bado si ushuru. Ushuru ukishaingia kwenye akaunti ya halmashauri unakuwa wa wananchi, unapitishwa kwenye bajeti, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaukagua. Mpango wa CSR unajadiliwa kwanza na aliyeshika fedha, na mgodi ndio unaonunua au kulipa. Diwani anayebisha bei ya saruji anajua mwakani atarudi kwenye meza ileile.

Risiti ya dagaa

Nimetaja mara nyingi neno kuhoji, kwa hiyo nieleze ninavyoliona likifanya kazi. Nenda kwenye mwalo wowote wa dagaa hapa Mwanza asubuhi, magunia yakishapangwa. Mkusanya ushuru anapita na mashine yake, anahesabu magunia, inatoka karatasi nyembamba yenye kiasi na tarehe. Mfanyabiashara anaikunja na kuiweka kwenye kibindo. Siku mwenyekiti wa mtaa au diwani akipita, karatasi ile inatoka kibindoni. "Mheshimiwa, nimelipa. Mtaro lini?" Anaulizwa na mama wa dagaa, anaulizwa na mbeba mizigo, anaulizwa na muuza chai ambaye naye amelipa. Huwezi kuwakamata wote, wala huwezi kuwapa wote jezi.

Ukijumlisha magunia yale hayafiki robo ya shimo moja la Geita. Lakini yana walipaji wengi, kila mmoja na risiti yake, na diwani anawahitaji. Tanzania haijawa nchi ya mafuta kwa maana ya Angola au Chad kwa sababu hii hasa: Hazina yetu bado inategemea kodi ya mishahara, VAT, forodha na biashara kuliko inavyotegemea shimo lolote. Mimi naiona kama kinga. Wanaosubiri kwa hamu siku ambayo madini na gesi vitatuondolea kodi wafikirie wanachokiomba.

Mtwara walishauliza swali la Geita kwa njia yao mwaka 2013, kuhusu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Walitaka kujua kitakachobaki kwao. Majibu yalichelewa, mwezi Mei mji ukawaka moto, jeshi likaingia, na watu wakafa.

Bomba linalopita magharibi ya ziwa

Sasa kuna bomba jingine, safari hii la mafuta yenyewe, na linapita kwetu. EACOP lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingilia Missenyi, linapita Muleba, Biharamulo na Chato kabla ya kuelekea Shinyanga na Tabora. TotalEnergies ina asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, na CNOOC ya China 8. Mkataba wa nchi mwenyeji ulisainiwa Mei 2021.

Mafuta si yetu, kwa hiyo hakutakuwa na mrabaha. Kutakuwa na ada ya kusafirisha, gawio la TPDC na kodi, na vyote hivyo vinafikia Hazina. Kelele nyingi mpaka sasa zimekuwa za fidia ya mashamba na za mazingira, na zina haki ya kupigwa. Sijasikia baraza la madiwani likiuliza hadharani swali la Geita: je, kampuni ya bomba italipa ushuru wa huduma kwenye halmashauri inazopita, kwa kipimo gani, na kipimo hicho kitafuata mapipa yanayopita au ni kiasi kilichogandishwa kwenye mkataba?

Ningekuwa diwani wa Chato au Biharamulo ningedai nakala ya mkataba ule kupitia kwa mbunge wangu, kwa kuwa sheria za 2017 zinalipa Bunge nafasi hiyo. Ningetafuta ukurasa unaotaja kodi za serikali za mitaa, ningempeleka mweka hazina wangu Geita akajifunze kwa wenzake jinsi taarifa ya mauzo inavyosomwa na wapi walikwama. Kisha ningekipeleka kiasi hicho kwenye mikutano mikuu ya vijiji, kikiandikwa kwa shilingi, kijiji kwa kijiji. Na kwa Geita yenyewe, pamoja na Msalala, Kahama na Tarime, dai linalofaa kupelekwa Bungeni kwa pamoja ni sehemu ya mrabaha, hata asilimia 5 tu yake, iandikwe kwenye sheria kwamba inarudi kwenye wilaya inayochimbwa, iingie kwenye akaunti ya halmashauri, na ikaguliwe na CAG kila mwaka. Kwa mauzo ya dola bilioni moja hizo ni dola milioni 3, sawa na ushuru wa huduma mzima wa asilimia 0.3, na Hazina ingebaki na 57.